Uvimbe Umekua, Dawa Iendelee? Picha za Mapafu Katika Zama za Tiba ya Kinga

Tuseme mgonjwa ana saratani ya mapafu iliyosambaa. Kabla ya kuanza dawa, picha ya CT ilionyesha uvimbe wa milimita 34 kwenye pafu la kulia. Wiki nane zimepita, ameshapata dripu tatu za dawa inayoamsha kinga ya mwili, na sasa amepigwa picha nyingine. Uvimbe una milimita 42. Mwenyewe anasema hajambo: anakula vizuri, anapanda ngazi bila kusimama katikati, na kikohozi kimepungua. Picha inasema uvimbe umekua kwa karibu asilimia 24. Nani aaminiwe?

Miaka ishirini iliyopita swali hili lisingeulizwa kabisa. Dawa ingesitishwa, mgonjwa angehamishiwa nyingine, au angeambiwa hakuna tena la kufanya. Leo daktari anaweza kumwambia aendelee na dripu ya nne na kurudi kwa picha nyingine baada ya wiki chache. Ruhusa hiyo ya kusubiri haikuletwa na huruma. Ni matokeo ya kazi ndefu, ya kuchosha na isiyo na makeke, ya watu wanaokaa mbele ya skrini wakipima madoa kwa milimita. Mmoja wao ni Mizuki Nishino, daktari na profesa wa radiolojia mjini Boston, Marekani, anayefanya kazi Brigham and Women's Hospital na Dana-Farber Cancer Institute. Kupitia kazi yake mtu anaweza kuelewa kwa nini picha ya pafu imekuwa ngumu kusoma tangu dawa hizi zilipoingia, na kwa nini kosa la upande wowote lina gharama.

Tuanze na kanuni iliyokuwapo ya kupima kama uvimbe umekua au umepungua. Inaitwa RECIST. Ilitolewa mwaka 2000 na kusahihishwa mwaka 2009, ikichukua nafasi ya utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1981. Mtaalamu wa radiolojia anachagua madoa, yaani uvimbe unavyoonekana kwenye picha, yasiyozidi matano mwilini, yasiyozidi mawili kwa kila kiungo. Anapima kipenyo kirefu cha kila doa (tezi za limfu peke yake ndizo hupimwa kwa kipenyo kifupi), kisha anajumlisha. Jumla ikishuka kwa asilimia 30 au zaidi, inahesabiwa kuwa dawa imefanya kazi. Ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi kutoka kiwango cha chini kabisa kilichowahi kufikiwa, na ongezeko lenyewe likafika angalau milimita 5, ugonjwa umeendelea. Doa jipya likizuka popote, ugonjwa umeendelea pia, hata kama mengine yote yamesinyaa.

Mgonjwa wetu wa milimita 42 ameangukia upande mbaya wa mstari: ameongeza milimita 8, na asilimia 20 imeshavukwa.

Watu huicheka kanuni hii siku hizi, na mimi naona wanaionea. Ilitungwa wakati silaha kuu ilikuwa tibakemikali, yaani dawa inayoua seli zinazogawanyika kwa kasi. Ikiziua, uvimbe unapungua ndani ya wiki chache. Isipoziua, unaendelea kukua. Kwa dawa ya namna hiyo ukubwa ni ushahidi mzuri. Isitoshe, pasipo kanuni moja kila hospitali na kila kampuni ya dawa ingejitangazia ushindi kwa kipimo chake yenyewe. Rula ilikuwa sahihi kwa kazi iliyotengenezewa, ila kazi ndiyo iliyobadilika.

Mabadiliko hayo yalianzia maabara, mbali kabisa na vyumba vya picha. Mwaka 1992, huko Kyoto, timu ya Tasuku Honjo ilitambua protini iliyopewa jina la PD-1. Inakaa juu ya seli T, zile seli za kinga zinazowinda seli zilizoharibika au zilizoambukizwa. Shughuli yake ya kawaida ni kuituliza seli T ili isivuke mpaka ikaanza kuushambulia mwili wenyewe. Saratani nyingi hutumia mlango huo. Seli zake huvaa protini nyingine, PD-L1, ambayo ikishikana na PD-1 seli T hupokea amri ya kuacha. Inafika kwenye uvimbe, inamwona adui, haifanyi kitu. Marekani, James Allison alikuwa ameonyesha jambo la aina hiyo kwa protini nyingine, CTLA-4, na kwamba ukiizuia, panya wenye saratani hupona. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018.

Dawa zilizotokana na ugunduzi huo ni kingamwili zinazotengenezwa viwandani na kuingizwa kwa dripu. Zinaziba PD-1 au PD-L1, na ile amri ya kuacha haipiti tena. Ipilimumab, inayozuia CTLA-4, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma, saratani ya ngozi. Kwa mapafu, nivolumab ilipata kibali Machi 2015, na pembrolizumab ikafuata mwaka huohuo. Ukubwa wa hatua hiyo unaonekana kwenye jaribio moja la pembrolizumab, lililohusisha wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa ambao uvimbe wao una PD-L1 nyingi. Baada ya miaka mitano, asilimia 31.9 ya walioanza na dawa hiyo walikuwa hai. Kwa walioanza na tibakemikali ilikuwa asilimia 16.3, na wengi wao walihamia dawa ya kinga baadaye. Kwa ugonjwa ambao zamani watu walihesabiwa miezi, huo ni mgeuko mkubwa.

Sasa liangalie jambo lenyewe kwa jicho la mpiga picha. Dawa ya PD-1 haiui seli ya saratani. Inaziachia seli T ziue. Ili ziue, lazima kwanza zifike, zizaliane palepale na kuita wenzake, na tishu inayopiganiwa hujaa maji na kuvimba kama inavyovimba sehemu yoyote yenye mapigano ya kinga. Mwizi akizingirwa sokoni Kariakoo, ukipiga picha kutoka ghorofani utaona umati umeongezeka mara kumi, wala hutaweza kusema wezi wameongezeka mara kumi. CT hupiga picha kutoka ghorofani. Inaona uzito wa tishu, mipaka na umbo, na haijui ni nani aliyemo ndani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka chumba cha upasuaji. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins na Memorial Sloan Kettering walichapisha jaribio dogo ambalo wagonjwa wenye saratani ya mapafu isiyosambaa walipewa nivolumab kwa wiki chache kabla ya kukatwa uvimbe. Kabla ya upasuaji walipigwa CT. Kati ya wagonjwa 21, wawili tu ndio walioonekana kwenye picha kuwa uvimbe umepungua vya kutosha kuitwa mafanikio. Kwa 18, picha ilisema hakuna mabadiliko ya maana. Kisha uvimbe wa wagonjwa 20 ukaondolewa, ukakatwa vipande vyembamba na kuwekwa chini ya darubini. Kwa 9 kati yao, seli hai za saratani zilikuwa zimebaki asilimia 10 au chini ya hapo. Mahali pake palijaa seli za kinga, makovu na mabaki ya seli zilizokufa. CT iliona donge lilelile, hali ndani ya donge saratani ilikuwa karibu imekwisha.

Kinyume chake pia hutokea: uvimbe kukua kwanza na kupungua baadaye, au madoa madogo ambayo hayakuonekana mwanzoni kuvimba kwa sababu ya seli za kinga na kujitokeza kama madoa mapya. Hali hii, tuiite ukuaji wa uongo, ilionekana kwanza kwa wagonjwa wa melanoma waliokuwa kwenye ipilimumab. Wengine walihesabiwa kuwa dawa imewashinda, kumbe walikuwa njiani kupona. Mwaka 2009 kundi la watafiti, Jedd Wolchok na Stephen Hodi wakiwamo, lilitoa kanuni ya kwanza ya kupima matokeo ya tiba ya kinga. Ilileta mambo mawili mapya: doa jipya halimaanishi tena kushindwa, bali linajumlishwa kwenye mzigo wote wa uvimbe mwilini, na ukuaji unapaswa kuthibitishwa kwa picha ya pili kabla ya hukumu.

Ilikuwa hatua nzuri, lakini yenye kasoro ya kiufundi ambayo asiye mtu wa radiolojia angeipita. Kanuni hiyo ilirudi kwenye utaratibu wa 1981 wa kupima kila doa kwa urefu na upana, kisha kuzidisha. Ukipima namba mbili zenye makosa madogo na kuzizidisha, kosa nalo hukua. Nishino na wenzake, Hodi akiwa miongoni mwao, walichukua picha za wagonjwa 57 wa melanoma waliotibiwa kwa ipilimumab na kuzipima kwa njia zote mbili. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba kipenyo kimoja tu kinatoa hukumu zinazolingana na za vipenyo viwili, na kwamba tofauti kati ya wapimaji hupungua: upana wa tofauti zao ulikuwa karibu nusu ya ule wa vipenyo viwili. Jambo la kuchosha kulisoma, nakubali. Lakini fikiria mgonjwa ambaye mstari wa asilimia 20 ndio unaoamua kama ataendelea na dawa. Kama wapimaji wawili wanaweza kutofautiana kwa kiasi kikubwa kuliko mstari wenyewe, hatima yake inategemea nani alikuwa zamu siku hiyo.

Mwaka 2017 kundi la kimataifa lililosimamia RECIST lilitoa toleo la tiba ya kinga, iRECIST, ambalo hutumika kwenye majaribio. Linatumia kipenyo kimoja. Uvimbe ukivuka mstari mara ya kwanza, jina lake ni ukuaji ambao haujathibitishwa. Kama hali ya mgonjwa ni nzuri, anaweza kuendelea na dawa na kupigwa picha tena baada ya wiki nne hadi nane. Ukiongezeka tena, umethibitika. Ukipungua, saa inaanza upya. Mgonjwa wetu wa milimita 42, anayekula na kupanda ngazi, yuko hapo.

Makala nyingi za afya huishia hapa, na msomaji anaondoka akiamini kwamba uvimbe ukikua kwenye tiba ya kinga ni dalili njema. Hapana. Kwa saratani ya mapafu, ukuaji wa uongo ni nadra. Katika tafiti nyingi hauzidi mgonjwa mmoja kati ya ishirini, na mara nyingi ni chini ya hapo. Walio wengi ambao uvimbe wao umevuka mstari, saratani imekua kweli. Nishino na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 160 wa saratani ya mapafu waliotibiwa kwa nivolumab au pembrolizumab, utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Waliona kwamba wale ambao mzigo wa uvimbe ulibaki chini ya ongezeko la asilimia 20 juu ya kipimo cha kwanza, muda wote wa tiba, waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliovuka. Yaani rula ya zamani haikuwa imekufa. Ila inasomwa vizuri zaidi ukiilinganisha na mahali mgonjwa alipoanzia, na ukiangalia mwenendo wa miezi badala ya picha moja.

Na kuna sura mbaya zaidi. Ufaransa, watafiti walipitia kumbukumbu za wagonjwa 406 wa saratani ya mapafu waliopewa dawa za PD-1 au PD-L1 baada ya tiba za awali kushindwa. Matokeo yao, ya mwaka 2018, yalionyesha kuwa kwa asilimia 13.8 ya wagonjwa hao uvimbe haukukua tu, ulikimbia, kasi yake ikipanda sana kuliko kabla ya dawa. Katika kundi dogo la waliopewa tibakemikali, hali hiyo ilionekana kwa asilimia 5.1. Bado wataalamu wanabishana kama dawa ndiyo inayochochea mbio hizo au ni ugonjwa uliokuwa tayari unaelekea huko. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, wiki nane za kusubiri kuthibitisha zinaweza kuwa ndizo alizobakiza za nguvu ya kujaribu dawa nyingine. Ndiyo maana naiona kanuni ya kusubiri kuwa na thamani pale tu inapoambatana na kumtazama mtu. Uvimbe umekua na mgonjwa amekonda, anapumua kwa shida, halali usiku kwa maumivu? Hakuna haja ya picha ya pili kumwambia daktari kinachoendelea.

Nusu ya pili ya kazi ya Nishino inahusu pafu lenyewe, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu hapa mgonjwa anaweza kufa kwa dawa wakati saratani yake inasinyaa.

Kinga iliyoondolewa kizuizi haichagui sana. Inaweza kushambulia ngozi, utumbo, ini, tezi ya shingoni, na pafu. Ikishambulia pafu, ugonjwa unaitwa nimonitisi: kuvimba kwa tishu laini inayozunguka vifuko vya hewa, bila kijidudu chochote. Katika jaribio kubwa la mwanzo la nivolumab, lililochapishwa mwaka 2012 likiwa na wagonjwa 296, watatu walikufa kwa sababu hiyo. Mwaka 2015 Nishino na wenzake walitoa barua fupi katika New England Journal of Medicine wakieleza jinsi hali hiyo inavyoonekana kwenye CT. Mwaka uliofuata walikusanya majaribio 20 yenye wagonjwa 4,496. Kwa waliopewa dawa ya PD-1 peke yake, asilimia 2.7 walipata nimonitisi. Lakini wastani huo unaficha kitu: kwa melanoma ilikuwa asilimia 1.6, kwa saratani ya mapafu asilimia 4.1. Wagonjwa wa melanoma waliochanganyiwa dawa mbili za kinga walifika asilimia 6.6.

Pafu lenye saratani mara nyingi halikuwa zima tangu mwanzo. Lina makovu ya sigara, wakati mwingine limepigwa mionzi, na akiba yake ya pumzi ni ndogo. Uvimbe uleule wa tishu ambao mtu mwenye mapafu mazuri angeuhisi kama mafua mazito, kwa huyu unamlaza kwenye oksijeni.

Katika kundi jingine la wagonjwa 170 waliokuwa kwenye majaribio ya nivolumab, peke yake au ikichanganywa na dawa nyingine, timu hiyo ilipata 20 wenye nimonitisi na kuzisoma picha zao moja moja. Ilizuka mapema kama wiki mbili baada ya dripu ya kwanza, na kwa wengine karibu mwaka mzima baadaye. Katikati ya msururu ilikuwa miezi 2.6. Wengi, 13 kati ya 20, walikuwa na sura moja: mabaka yaliyotawanyika pande zote mbili, mengine kama kioo chenye ukungu, mengine meupe kabisa kama nimonia. Wawili walikuwa na sura ya kutisha, pafu karibu lote likiwa limefunikwa, na hao ndio waliokuwa hoi zaidi. Somo la vitendo lilikuwa kwamba sura ya picha inaendana na ukali wa ugonjwa. Radiolojia ikaacha kusema tu "kuna nimonitisi" na kuanza kusema ni ya aina gani, jambo linalomsaidia daktari kuamua kama mgonjwa atibiwe nyumbani au alazwe.

Tiba yake ni kusimamisha dawa ya kinga na kutoa steroidi, dawa zinazotuliza kinga, ambazo hupunguzwa polepole kwa wiki kadhaa. Wengi hupata nafuu. Lakini baadhi yao, steroidi zilipokuwa zinapunguzwa au baada tu ya kuisha, mabaka yalirudi ingawa dawa ya saratani haikuwa imeguswa tena. Nguvu ya kingamwili hizi hudumu mwilini muda mrefu baada ya dripu ya mwisho. Kwa hiyo mgonjwa aliyesimamisha tiba miezi miwili iliyopita, akapata kikohozi kikavu na kuhema, lazima aseme kwamba aliwahi kupewa dawa hizo. Daktari wa zahanati asiyejua historia hiyo atampa antibayotiki, na atakuwa amefanya alichofundishwa.

Mwaka 2020 jambo hili lilizidi kuwa gumu. UVIKO-19 nao huleta mabaka ya kioo chenye ukungu pande zote mbili, kwenye kingo za pafu, na homa na kikohozi. Mgonjwa wa saratani aliye kwenye tiba ya kinga akifika na picha hiyo, CT peke yake haikuweza kusema ni kipi. Kipimo cha virusi kilibidi kitangulie.

Kuna mwigo mwingine ambao umewahi kuwadanganya wazoefu. Tezi za limfu katikati ya kifua huvimba, pande zote mbili kwa ulinganifu, na ukimpima mgonjwa kwa picha ya PET zinawaka. Mtu wa kwanza kuiona atasema saratani imefika kwenye tezi. Ukichukua kinyama na kukiweka chini ya darubini, unakuta mafundo ya seli za kinga, kama ya ugonjwa wa sarkoidosi, bila seli moja ya saratani. PET ya kawaida hufuata sukari yenye mionzi, na seli ya kinga iliyo kazini hula sukari kwa pupa kama seli ya saratani. Ulinganifu wa pande mbili, na ukweli kwamba madoa mengine yanapungua wakati tezi zinavimba, ndivyo vinavyopaswa kumfanya msomaji wa picha aombe kinyama kichukuliwe kwa sindano kabla ya kuandika neno "kusambaa".

Je, teknolojia haiwezi kututoa hapa? Inajaribu. Uholanzi, watafiti walizifunga dawa zenyewe na chembe za mionzi, wakawaingizia wagonjwa na kuangalia kwa PET zinakwenda wapi. Timu ya Amsterdam ilifanya hivyo kwa wagonjwa 13 wa saratani ya mapafu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Waliona kwamba madoa ndani ya mtu mmoja hayafanani: hili linaivuta dawa kwa wingi, lile la jirani haliivuti. Kinyama kilichochukuliwa doa moja, basi, hakiwezi kuyasemea mengine yote. Ni ugunduzi mzuri, ila kipimo hicho bado ni cha utafiti.

Njia ya pili ni kuiachia kompyuta itoe kwenye picha mamia ya vipimo ambavyo jicho haliyaoni: ukwaru wa umbo, mchanganyiko wa weusi na weupe, mpangilio wa nukta. Mwaka 2014 Hugo Aerts na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,019 wa saratani za mapafu na za kichwa na shingo, wakionyesha kwamba vipimo hivyo vinatabiri nani ataishi muda gani. Makala hiyo ilianzisha mbio. Miaka mitano baadaye kundi la watafiti lilirudia hesabu na kugundua kwamba mkusanyiko ule maarufu wa vipimo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, unapima ukubwa wa uvimbe kwa njia ya kuzunguka. Nilipoisoma nilicheka kidogo. Namba mia nne na zaidi, na jibu likawa lilelile la rula. Tangu hapo mtu akiniambia programu yake inasoma tiba ya kinga kwenye CT, swali langu la kwanza ni kama ameilinganisha na kipenyo cha kawaida.

Afrika Mashariki, mgonjwa wa dawa hizi bado ni wa nadra. Bei iliyotangazwa ya dozi moja ya pembrolizumab Marekani inazidi dola 10,000, na dripu huja kila wiki tatu au sita. Lakini wapo wanaotibiwa India, Afrika Kusini au Ulaya na kurudi nyumbani katikati ya tiba, na wapo Waswahili wanaoishi ughaibuni wanaokuja likizo wakiwa na dawa hiyo mwilini. Kwao kuna jambo ambalo vitabu vya Boston hugusia kwa mistari michache tu: kifua kikuu.

Mtu angetarajia kuwa kinga ikiamshwa, TB itapata kipigo. Majaribio ya panya ya mwaka 2010 na 2011 yalionyesha kinyume. Panya wasio na PD-1, walipoambukizwa bakteria wa TB, walikufa haraka kuliko panya wa kawaida, huku mapafu yao yakiwa yameharibiwa na seli T zenyewe. Inaelekea kituo kile cha kuituliza seli T ni sehemu ya namna mwili unavyoishi na TB iliyolala bila kujichoma. Wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za PD-1 na TB yao ya zamani ikaamka wameshaelezwa kwenye majarida ya tiba. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ya Kinshasa zote zilikuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2021 hadi 2025, ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na huku watu wengi wanabeba bakteria hao bila kuugua.

Kwa hiyo kivuli kipya kwenye pafu la mgonjwa wa namna hii kinaweza kuwa saratani iliyokua, seli za kinga zilizojazana kwenye uvimbe, nimonitisi, au TB iliyoamka, na picha moja haiwezi kuvitenganisha. Kosa la hatari zaidi ni kudhani nimonitisi wakati ni TB, kwa sababu steroidi hupunguza homa na kikohozi kwa siku chache, mgonjwa anasifu dawa, na bakteria wanapata nafasi ya kusambaa. Makohozi yapelekwe kwenye GeneXpert, mashine ya kupima TB, kabla ya kidonge cha kwanza cha steroidi, isipokuwa mgonjwa amezidiwa kiasi kwamba hakuna muda. Hapo hupewa steroidi huku makohozi yakiwa tayari yamechukuliwa na kupelekwa maabara. Asiyeweza kutoa makohozi huvutishwa mvuke wa maji ya chumvi ili akohoe, au huingizwa mrija wa kamera kwenye njia ya hewa na kusafishwa kwa maji yanayokusanywa na kupimwa TB, fangasi na seli za saratani kwa mara moja.